Mstari Uliovuka Mto

Inspekta Ramla alingojeshwa kwenye korido ya commandant mpaka kiti kikamchosha, naye si mwanamke wa kungojeshwa. Babu zake walikuwa Kisangani kabla ya wakubwa wengi kujua mji huu uko upande gani wa mto. Alipoitwa ndani alikuta watu watatu na mashine moja, na kati ya wote wanne ni mashine iliyopewa heshima. Iliwekwa katikati ya meza, juu ya kitambaa safi, kama bibi arusi.

Commandant Maurice, mkuu wa jeshi lililoshika mji tangu vita vigeuke upande huu, hakusimama kumsalimu.

"Madame Inspecteur, hii kazi iko fini. Nimekuita juu ya signature tu. Ndege inaondoka saa tisa na huyu mutu anaingia ndani yake."

"Huyu mutu" alikuwa Papa Faustin, dereva wa shirika la dawa, mtu mzima wa mtaa wa Mangobo, amekaa kwenye kigoda na mikono imefungwa kwa kamba. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Ndege ya jeshi kila mtu aliijua. Hakuna aliyewahi kuipanda akiwa amefungwa mikono halafu akarudi kuulizia bei ya nyanya sokoni.

"Signature yangu haitoki bure, mon commandant," Ramla akasema, akavuta kiti mwenyewe. "Munieleze."

Aliyeeleza ni mtu wa tatu, monsieur Elisée, msimamizi wa vifaa wa shirika hilo hilo, aliyetumwa kutoka Bukavu hivi karibuni. Alivaa viatu vya kung'aa katika mji wa matope, na alizungumza akiigusa mashine kwa kidole.

Katoni za kwinini zilitoweka depo. Askari walizikuta tupu katika hangari ya zamani ya kahawa, ng'ambo ya pili, kwenye barabara ya Opala, mahali ambapo wanamgambo wa msituni hushuka kutafuta chumvi. Sasa hiyo mashine, GPS, ndiyo inayobandikwa kwenye kioo cha Land Cruiser ya Faustin. Inakumbuka njia zote ilizopita. Elisée akaiwasha. Kwenye kioo chake kidogo ukatokea mstari wa vidoti wa Jumanne: unaanza upande huu, unavuka mto, unafuata barabara ya Opala, unafika penye hangari.

"Mashine haina kabila, haina ndugu, hainywi bière," Elisée akasema. "Inasema ile iliona. Mimi niko mugeni hapa, Madame. Siku ya kwanza nilipotea kati ya soko na poste! Sasa naenda fasi yote. Unatia point, inakupa mushale, unafuata mushale. Hata kipofu anafika."

"Kipofu wa hapa anafika bila mushale," Ramla akamjibu. "Anasikia mto."

Commandant akacheka kidogo. Ramla akamgeukia dereva.

"Papa Faustin. Jumanne ulikuwa wapi?"

"Mangobo, chini ya gari. Ressort, ile springi ya chini, ilikatika. Gari ilikuwa juu ya matofali muchana muzima."

"Nani alikuona?"

"Bibi yangu wa ndoa. Na avenue yote."

"Ndugu zake wote," commandant akasema.

Faustin akainua kidevu. Alikuwa na hasira ya mtu ambaye kazi yake imetukanwa, na aliitoa yote. "Mimi nilipeleka camion Buta, Isiro, Bafwasende, wakati barabara ilikuwa barabara! Miaka yote sijaangusha hata katoni moja. Halafu kanatoka ka-redio kananisemea. Mimi, Faustin!"

"Hako ka-redio hakana faida?"

Mzee akafikiri. Ramla akapenda kwamba alifikiri kabla ya kujibu.

"Iko na faida, sitadanganya. Siku ya ukungu kwenye njia ya Yangambi ilinionesha kona kabla sijaiona, na ilituokoa. Mugeni ukimupatia, hapotei. Lakini inasumbua, mama! Kila asubuhi inatafuta nyota zake, unaweza kuivisha chungu ya majani ya pondu kabla haijafungua macho. Inakuonesha njia pale msitu ulishakula njia. Na kwenye barrière, pale banafunga barabara, askari banauliza, unaita ndege ya nani? Donc nikiona barrière, naitoa, naificha chini ya kiti."

"Inatoka upesi?"

"Upesi. Unavuta kikombe cha mpira kwenye kioo, unachomoa kamba yake pale pa kuwashia sigara, imekwisha."

"Na ikitoka garini, inaishi?"

"Inakufa palepale. Inakula courant, umeme ya gari. Mapile ya tochi sijatia hata siku moja. Na kale kamulango ka mapile kalivunjika, nikakafunga na chambre à air ya toleka."

Ramla akaigeuza mashine kwa mkono mmoja. Kimlango cha nyuma kilikuwa kimefungwa, lakini si kwa mpira mweusi wa tairi la baiskeli. Kilifungwa kwa plasta nyeupe ya kidonda, imekatwa vizuri kwa mkasi.

"Na hii?"

Faustin akaangalia, na kwa mara ya kwanza akasahau kamba ya mikononi. "Sparadra? Mimi? Sparadra ni ya malade! Kila chauffeur anajua mpira njo unashika."

"Alibadilisha," Elisée akasema haraka. "Inaonesha nini?"

"Hata mimi sijue." Ramla akakunja uso kama mwanafunzi mzito. "Mimi ni mwanamke wa Kabondo tu, hizi mashine sizijue. Mon commandant, unipe mpaka saa tisa. Nataka kuvuka, nione hiyo njia na macho. Monsieur Elisée anifundishe mashine, juu yeye njo anajua."

Elisée alijivuna, na kujivuna kulimjibia kabla akili haijafika. "Volontiers, Madame."

Commandant akawapa askari mmoja wa kuilinda mashine. Faustin alibaki kwenye kigoda chake, mgongo wima.

Walishuka mjini kwa toleka, baiskeli za abiria, kwa sababu petroli ya mji wote ilikuwa kwenye magari ya jeshi. Ramla alikaa upande kwenye kiti cha nyuma kama wafanyavyo wanawake wa Kisangani, kitambaa cha kichwa hakikusogea. Elisée alipanda kama mtu anayepanda punda, akishikilia shati la mwendeshaji kwa mikono miwili, na wauza ndizi wa barabarani wakampigia makofi.

Karibu na soko Ramla akasimamisha.

"Monsieur Elisée, gari hatuna. Hii mashine tutailisha nini?"

"Mapile," akasema.

Ramla akanunua betri kwenye kibanda, akampa pamoja na mashine. "Tia wewe, mimi nitaivunja."

Elisée akabandua plasta kwa ukucha, akafungua, akapanga betri moja juu na moja chini, moja juu na moja chini, bila kutazama alama, akafunga, akabana plasta kwa dole gumba. Alifanya yote akiendelea kuzungumza habari za setilaiti. Ramla alimtazama mikono.

"Uko na mukono mwepesi," akamwambia. "Kama mwenye nyumba anayefungua mulango wake."

"Bah, ni kitu kidogo."

"Papa Faustin hajawahi kutia mapile. Wewe ulizoea wapi?"

"Nilisoma kwenye kitabu yake, Madame."

Mashine ikaanza kutafuta nyota. Ilizitafuta mpaka Ramla akamaliza kula ndizi ya kuchoma, na ilipofungua macho walikuwa tayari wanashuka kwenye gati la bac, kile kivuko kikubwa cha chuma kinachobeba magari. Fundi wake wa injini aliitwa Waziri, mtu wa msikiti mmoja na Ramla, amepaka grisi mpaka kwenye kofia.

"Asalaam aleikum, dada Ramla. Leo unafunga nani?"

"Aleikum salaam. Leo nafungua, inshallah. Waziri, Jumanne bac ilivuka na Land Cruiser nyeupe?"

Waziri akajifuta mikono. "Jumanne ile ya mvua? Ilivuka. Moja. Nyeupe, ya hawa batu ba misaada."

"Voilà!" Elisée akapiga paja. "Madame, turudi. Signature."

Askari naye akatazama jua, kama mtu aliyekwisha kufikiria chakula chake. Ramla alisimama kidogo. Moyo ulimshuka, tusifiche. Gari nyeupe lilikuwa gari nyeupe, na Waziri hakuwa mtu wa uongo.

"Chauffeur ulimuona?"

"Nani anaangalia chauffeur? Bakubwa banakaa nyuma, mimi naangalia injini yangu. Magari ya misaada yote ni nyeupe, dada. Banafanana kama mayai."

"Bon," Ramla akasema. "Tuvuke vilevile. Nimeshavaa viatu."

Bac ikanguruma, ikatoa moshi, ikaanza. Ramla alisimama ukingoni, mashine mkononi, macho yakienda kwenye maji na kurudi kwenye kioo. Maji ya mto yalikuwa mazito, yamebeba magugu kutoka juu kule kwenye maporomoko ya Wagenia. Vidoti vilijipanga kimoja kimoja nyuma yao.

"Waziri! Hii bac yako inapandaka juu ya mto kwanza, kule maji inatoka?"

"Kupanda kufanya nini?" Fundi akajibu kwa kiburi kutoka kwenye shimo la injini. "Na mazutu, mafuta ya bei hii? Bac yangu inakata mto mara moja, gati kwa gati! Maji inasukuma, injini inakataa."

Walipogusa upande wa Lubunga, Ramla akamrudishia Elisée mashine. "Nioneshe mustari wa leo. Halafu ule wa Jumanne. Pole pole, mimi ni muzito."

Elisée akabonyeza. Mstari wa leo ulikwenda kutoka gati hadi gati, umepinda kidogo tu tumboni. Akabonyeza tena. Mstari wa Jumanne ulianza chini kidogo ya gati, ukapanda kando ya ukingo, ukapanda tena, halafu ukageuka na kuteremka kwa mshazari mpaka ng'ambo. Ulikuwa na umbo la ndoano.

"Kwa nini hizi mbili hazifanani?"

"Makosa ya setilaiti, Madame. Wakati mwingine inaruka."

"Asubuhi uliniambia mashine haidanganyi."

"Haidanganyi. Inakosa kidogo."

"Aa. Asante kunifundisha."

Ramla akapanda mteremko wa Lubunga polepole, na hakwenda barabara ya Opala. Alikwenda moja kwa moja penye moshi wa maboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, ambapo wanawake hukaa na majani yao ya kufungia kutoka asubuhi. Yeyote anayepita kutoka msituni hupita mbele ya macho yao, na macho hayo hayalipiwi kufumba. Elisée akavuta kofia yake mbele. Jua lilikuwa nyuma yake.

Hakufika mbali. Mama mmoja mnene, Berthe, aliyeuza hapo tangu bei ilipokuwa bei, akaacha kugeuza maboke yake, akapiga makofi.

"Mamaye! Papa wa mto! Ulirudi? Muje muone, huyu njo ule mutu!"

Wenzake wakainuka kuchungulia. Kicheko kilianza kabla ya maelezo.

"Mutu gani, mama Berthe?" Ramla akauliza.

"Ule aliniuliza mto iko wapi! Jumanne ile ya mvua. Anatoka njia ya Opala, manguo yake yote matope, ameshika ka-kitu, anakapiga-piga, kamekufa. Anasimama hapa, hapa nilipo, mto unanguruma nyuma ya mugongo wangu, ananiambia, 'Mama, beach ya mto iko wapi?' Nikamwambia, 'Papa, ungetega masikio tu!'"

Hapo wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Katika mji wote wa Kisangani, mtoto wa kutambaa anajua mto uko wapi. Mtu aliyeuliza swali lile alikuwa ameingia kwenye hadithi za Lubunga, na asingetoka.

"Simujue huyu mama," Elisée akasema.

Kicheko cha Berthe kikakatika. "Hunijue? Ulikula liboke yangu umesimama, ukaacha kichwa cha samaki. Kichwa! Nani anaacha kichwa?"

"Alikuja na gari?" Ramla akauliza.

"Gari wapi? Na miguu. Akapanda pirogue, mutumbwi ya kasia, pale chini."

Askari hakuwa akitazama jua tena. Alihamisha bunduki yake bega la pili, akasimama upande ule ule wa Elisée wenye njia ya kukimbilia.

"Tunarudi," Ramla akasema. "Lakini si na bac."

Chini majini akamwita mpiga kasia wa Kilokele, kabila la watu wa mto, mzee mwenye mabega mapana, akamwambia tu: "Tuvushe vile munavushaka." Hakumwongezea neno. Elisée aliingia mtumbwini wa mwisho, akakaa chini kabisa, kashika kingo zote mbili.

Mzee hakuielekeza pua ya mtumbwi ng'ambo. Alipanda nao kandokando ya ukingo, mahali ambapo mkondo ni mdogo, kwenye kivuli cha majani, kasia kwa kasia, mpaka gati likabaki mbali nyuma. Halafu akageuza, akaachia mto kazi yake. Maji yakawabeba kwa mshazari, akawa anarekebisha tu kwa nyuma, akiimba chinichini, mpaka wakagusa mchanga wa upande wa pili palepale alipotaka. Mtu hapigani na mto huu kwa mikono. Unampanda kwanza kando, halafu unamwomba akushushe. Kila mtu wa Boyoma, mji huu wa Kisangani, anaijua njia hiyo kama anavyojua njia ya kwao.

Ramla hakuhitaji kumwomba Elisée abonyeze. Akaichukua mashine, akabonyeza mwenyewe, mara moja, sawasawa.

"Kumbe unajua," Elisée akasema kwa sauti ndogo.

"Nimejifunza. Uko mwalimu muzuri."

Walirudi kwa commandant jua likiwa limeshaanza kuinama, na ngurumo ya ndege ikijaribu injini zake ilisikika kutoka uwanjani. Faustin alikuwa palepale kwenye kigoda. Alisikia injini zile, akawaangalia waliokuja.

Ramla akaiweka mashine juu ya kitambaa chake cheupe.

"Mon commandant, mashine haikudanganya. Ilisema kweli, lakini hatukujua kuisikiliza. Angalia. Huu mustari wa bac, leo. Unaenda mara moja. Huu wa pirogue, leo. Unapanda kando, unageuka, unashuka. Na huu wa Jumanne."

Commandant akainama. Akaangalia ndoano ya leo, akaangalia ndoano ya Jumanne, moja imegeukia huku na nyingine kule, kwa kuwa moja ilikwenda na nyingine ilirudi.

"Ni pirogue," akasema.

"Ni pirogue. Land Cruiser nyeupe ilivuka Jumanne, kweli, ya batu bengine. Lakini pirogue ya kubeba Land Cruiser, mimi sijaiona, na nimezaliwa hapa. Mashine ilivuka mukononi mwa mutu, na katoni miguuni pake. Angalia tena: mustari unafika hangari, unakwisha. Hakuna wa kurudi. Kwa nini? Kwenye gari inakula courant, haifi. Mukononi inakula mapile, na mapile ilikwisha kule. Mutu akabaki msituni bila mushale. Akatembea mpaka Lubunga, akauliza mama wa maboke mto iko wapi."

Askari mlangoni akakohoa kuficha kicheko. "Ni kweli, mon commandant. Mama alimutambua. Mbele yangu."

"Papa Faustin hahitaji mushale kwenda Lubunga," Ramla akaendelea, na sasa sauti yake ilipanda, kwa sababu alikuwa anajivuna na hakuona sababu ya kujificha. "Hakuna mutoto wa Kisangani anayehitaji. Aliyehitaji ni mugeni. Aliichomoa wakati gari iko juu ya matofali, akaiwasha upande huu mapema, juu inachelewa kuamka, ikaandika mto muzima chini yake, na yeye akijua kuna mushale tu. Kuna mukumbusho ndani, hakujua. Siku munafungua huo mukumbusho, akamutupia muzee kosa lake."

Commandant Maurice alikuwa ameshawaambia wakubwa wake kwa redio kwamba amekamata mtu, na mwanaume wa namna yake hapendi kurudi kwenye redio. Ramla aliliona hilo, akamfungulia njia.

"Wewe njo ulinipa mpaka saa tisa, mon commandant. Mwingine angenikatalia."

Commandant akajinyoosha kitini. Akaichukua mashine, akaigeuza, akaigusa plasta.

"Hii sparadra inatoka wapi?"

"Depo," Elisée akasema.

"Na funguo ya depo iko na nani?"

Mkono wa Elisée ulikwenda kwenye mfuko wa suruali na kubaki hapo. Askari akausubiri utoke, akaufunga pamoja na wa pili. Kamba ilikuwa ile ile. Ilitoka tu kwenye mikono ya Faustin.

"Basi aende yeye kwenye ndege," commandant akasema, akichukua kalamu.

"Hapana." Ramla akasimama. "Huyu ni wangu. Alikosea hapa, atahojiwa hapa, kwenye parquet, kwa mwendesha mashtaka wa hapa, na mama Berthe ataapa mbele ya watu. Signature yangu ni ya Kisangani, mon commandant. Haipandaki ndege."

Wakatazamana. Kule uwanjani injini zilinguruma, zikapanda sauti, halafu zikaanza kwenda mbali. Commandant akairudisha kalamu mezani.

"Chukua mutu wako," akasema.

Nje, Land Cruiser ilikuwa imesimama uani tangu askari walipoikamata, ressort mpya inang'aa chini ya matope. Faustin aliizunguka yote kabla ya kuifungua, akapapasa kila tairi. Vifundo vya mikono yake vilikuwa na alama za kamba. Ramla akampelekea mashine, amekwisha kutoa betri na kuibandua plasta.

"Nafikiri utaitupa mtoni," akamwambia.

Mzee akaipokea. Akatoa mfukoni kipande cha mpira mweusi wa toleka, akafunga kimlango taratibu, fundo mara mbili, akalivuta kwa meno. Halafu akaibandika kiooni, akachomeka kamba yake, akawasha. Wakakaa ndani wote wawili, wakaisubiri itafute nyota zake. Mlinzi wa geti aliwaonyesha kwa kidole mlango wa nyuma, ule wa magari.

"Pale mbele," Faustin akasema.

"Mbele ni mulango wa bakubwa, papa," mlinzi akasema.

"Sikia, muzee wangu. Hii mashine iliandika kama mimi ni mwizi. Leo iandike vilevile kama Faustin alitoka humu na mulango wa mbele." Akapiga honi. "Fungua!"

Geti la mbele likafunguliwa. Faustin akapita na gari polepole, gia ya kwanza, mkono mmoja kwenye usukani, akakata barabara kuu, akachukua njia ndefu ya Mangobo ili mstari uwe mrefu, na alipofika kwenye avenue yake akazunguka nyumba ya mke wake mara mbili.